Mzee kagoma kuwekewa neti ya plastiki kwenye opresheni ya ngiri, wanaojua plastiki na wa thieta njooni

Mwalo_Boy

Habarini wakuu. Mzee wangu ana miaka 63, mvuvi, tupo Ukerewe, ngiri anayo kinena cha kulia mwaka wa nne huu. Siku zote alikua anairudisha kwa mkono, anajifunga mkanda wa kitenge anaingia ziwani kama kawaida na hataki mtu aiongelee. Mwezi uliopita ikagoma kurudi, usiku kucha anatapika na pale pamekua pagumu kama jiwe, usafiri wa kuvuka hakuna, tukawa tunaangaliana tu mpaka alfajiri ikarudi yenyewe. Ndo akakubali hospitali.

Sasa dokta kasema watafungua, utumbo watarudisha ndani, halafu penye tundu wataweka meshi. Nikauliza meshi ndo nini, akasema ni neti ya plastiki, inabaki humo humo haitolewi. Akachora vijimstari kwenye karatasi akaita mgonjwa mwingine. Tukaambiwa tukainunue nje maana pale imeisha, famasi ya kwanza kutajiwa bei tu nikarudisha hela mfukoni.

Mzee kusikia plastiki kagoma. Anasema kashika nyavu toka ana miaka kumi na hajaona uzi wa plastiki uliomaliza miaka mitatu bila kukatika, sasa huo wa tumboni ukikatika ataushona nani. Dada yangu yuko Leicester ndo kamalizia kabisa, katuma klipu za wanawake wa Uingereza wanalia kwamba meshi imewakata ndani kwa ndani. Na hapa mwaloni kuna jamaa anasema Uganda wanaweka chandarua, hiki hiki cha mbu, na watu wanapona, kwahiyo kwanini ninunue kitu cha bei wakati chandarua kipo ndani. Nimechanganyikiwa asee. Hiyo plastiki ni ipi, inaoza haiozi, na hii ya chandarua ni kweli au stori za kahawa?

NesiThieta

Pole kaka, mfikishie na mzee pole. Kabla ya plastiki naanza na hili, ile ya kugoma kurudi msirudie kusubiri alfajiri. Utumbo ukinasa pale damu haifiki, ni suala la masaa unaanza kufa, na hapo sio opresheni ya ngiri tena, ni ya kukata utumbo. Ikigoma tena tafuteni boti yoyote hata ya dagaa.

Meshi nimeshafungua pakiti zake sijui ngapi. Inakuja pakiti ndani ya pakiti, ya nje naifungua mimi niliyesimama pembeni, ya ndani anaichukua aliyevaa glavu safi. Ni nyeupe, nyepesi, kwa mbali unaweza sema ni kipande cha wavu wa dirishani. Dokta anaipima, anaikata kona na mkasi ziwe mviringo, anachana upande mmoja kidogo ili mshipa unaoenda kwenye korodani upite katikati, halafu anaishona kwa uzi wa bluu. Na huo uzi ni plastiki vilevile, kwenye pakiti umeandikwa Prolene. Watu wanaogopa neti lakini uzi wa plastiki wanashonwa kila siku hamna anayeuliza.

Zamani, na hospitali nyingi za huku kwetu mpaka leo, tunashona nyama kwa nyama bila neti. Ni njia ya Mtaliano mmoja anaitwa Bassini, toka miaka ya 1880 huko. Shida yake unavuta vitu viwili ambavyo havitaki kukutana, ni sawa na kulazimisha kifungo cha shati la kabla hujanenepa, mgonjwa akikohoa anakuona mbaya. Neti inalazwa tu juu ya tundu bila kuvuta chochote. Lichtenstein wa Marekani ndo aliivumisha hiyo njia miaka ya 80.

kobe_mwendokasi

Kwahiyo mzee atatembea na kiti cha plastiki tumboni 😂😂

Salfeti_Engineer

kobe unacheka ila umepatia bila kujua hahaha, kiti na meshi vinaweza kuwa plastiki moja kabisa.

Mwalo_Boy mimi nimesomea polima, yani plastiki na ndugu zake, na sasa hivi niko kiwanda cha mifuko kwahiyo hapa umenikuta nyumbani. Meshi nyingi ni polipropilini. Mzee anaijua vizuri tu hata kama jina halijui, salfeti la mahindi ni hiyo hiyo, geuza kopo la jikoni ukiona pembetatu ina namba 5 ni hiyo. Mkemia Natta alianza kuipata vizuri kule Italia mwaka 1954, yeye na Ziegler wa Ujerumani wakapewa Nobeli mwaka 1963, na kabla hata hiyo Nobeli haijatoka alikuwepo daktari Houston anaitwa Francis Usher ameshaanza kushonea watu nyavu za plastiki. Alianza na poliethilini mwishoni mwa miaka ya 50 akahamia polipropilini, maana poliethilini inasumbua kwenye joto la kuua vijidudu.

Sasa tuje kwa mzee, na hapa naomba umwambie kwamba hajakosea. Nyavu anazozijua yeye nyingi ni nailoni. Nailoni ukiiacha ndani ya mwili wa mtu inapoteza nguvu kama asilimia 15 mpaka 20 kila mwaka, kwasababu mnyororo wake una viungo ambavyo maji yanaweza kuviuma taratibu. Miaka mitatu yake anaijua kwa vidole vyake mwenyewe. Lakini polipropilini mnyororo wake ni kaboni na haidrojeni tupu, maji hayana pa kung'ata. Adui yake ni jua, tandika salfeti juu ya bati msimu mmoja wa kiangazi uje ulishike, linapukutika mkononi kama majani makavu. Tumboni hamna jua na hamna sangara anayevuta. Siwezi kusema haiguswi kabisa, chembe za kinga zinaimwagia vitu vikali na wapo waliotolewa meshi za miaka mingi zikaonekana juu zimepasuka pasuka kwenye hadubini, ila uzi wenyewe unakutwa upo.

Na halafu kitu ambacho hata madokta hawaelezagi, sio neti peke yake inayobeba mzigo miaka yote. Neti ni kama zile fito unazotandaza halafu udongo ndo unakuja kuwa ukuta. Mwili ukiona kitu kigeni unaleta chembe zake, zinapita kwenye macho ya neti, zinajenga kovu huku na huku mpaka neti inamezwa na nyama. Hilo kovu lenye fito ndani ndo linazuia utumbo. Ndo maana macho ya neti ni muhimu kuliko unene wa uzi. Macho yakiwa madogo sana kovu linaunganika jicho kwa jicho unapata kitu kigumu kama kadibodi, yakiwa milimita moja au zaidi kila jicho linajaza nyama laini katikati na neti inapinda na mwili.

Na aina ya uzi. Bakteria mmoja ni kama mikroni 1, yani milimita moja uigawe mara elfu. Chembe nyeupe zinazokula bakteria zenyewe ni kubwa, kwenye upenyo wa chini ya mikroni 10 hazipiti. Ukitumia uzi uliosokotwa nyuzi nyingi nyembamba, bakteria anajificha katikati ya msokoto na polisi hawezi kuingia. Ndo maana wanapenda uzi mmoja mzima usiosokotwa. Mzee ataelewa haraka sana, mwambie ni timba, ule wavu wa uzi mmoja mmoja usiosokotwa.

Mwalo_Boy

Timba?? Mkuu huku timba ukikamatwa nayo inachomwa moto na wewe mahakamani 😂

Salfeti_Engineer

Najua, nimekulia Musoma. Ziwani inakatazwa kwasababu ikipotea chini inaendelea kuua samaki miaka na haiozi, tumboni hiyo hiyo ya kutooza ndo inalipiwa hela.

Jinja2Busia

Nilikua nasoma tu ila mmegusa Uganda. Jamaa wa mwaloni hadanganyi, ila amebeba nusu ya stori, na hiyo nusu iliyobaki ndo inaweza kumuua mtu.

Walioanza ni India, daktari Tongaonkar wa mji mdogo wa Dondaicha, aliona wagonjwa wake hawawezi kununua meshi ya kampuni akaangalia kitambaa cha chandarua akakuta kimefumwa karibu sawa sawa, akachapisha matokeo yake 2003. Uganda walifanya utafiti wa kura kabisa, yani nani awekewe ipi inaamuliwa kwa bahati nasibu, matokeo yalitoka 2016 kwenye jarida la madaktari la New England Journal, wanaume 302 wa upande wa mashariki, nusu meshi ya kampuni nusu ya chandarua, na mgonjwa hajui kawekewa ipi. Baada ya mwaka kwenye kundi la chandarua ngiri ilirudi kwa mtu mmoja, la kampuni hakuna, na matatizo madogo madogo yalikua karibu asilimia 30 kote kote, tofauti hamna. Bei ndo kichekesho, ya chandarua dola 1 na ya kampuni dola 125.

Sasa nusu ya pili. Hicho kitambaa kilikua HAKINA DAWA. Kimenunuliwa kikiwa robota, kikakatwa vipande, kikafuliwa, kikafungwa na kupikwa kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, na watu wanaojua wanachofanya. Chandarua chako cha nyumbani kina dawa ya kuua mbu, na zile kama Olyset zilizokua zinatengenezwa Arusha dawa yake ya permethrini imechanganywa ndani ya uzi wenyewe wa poliethilini, inatoka polepole kuja juu kila ukifua, hakuna namna utaimaliza kwa sabuni. Nyingine ni poliesta imepakwa deltamethrini. Hicho sio kitu cha kulaza juu ya mshipa wa damu wa mtu.

NesiThieta

Jinja asante sana umenipunguzia kuandika. Naongezea kwenye kupika tu. Otoklevu yetu inaenda nyuzi joto 121, vitu vingine 134. Polipropilini inayeyuka kama 160 na kitu kwahiyo ipo salama, lakini poliethilini inayeyuka kati ya 110 na 130 kutegemea na aina yake, unacheza pembeni ya shimo. Moto ukizidi kidogo neti inatoka imejikunja kama mfuko wa nailoni uliopitishwa karibu na jiko. Waliofanya vizuri walipima hilo kwanza, wewe utapimia wapi? Chandarua kalalie.

bintiwapwani_UK

Kuhusu zile klipu za dada wa Leicester. Mimi niko huku huku na nimefanya kazi ya ukalimani hospitalini kwahiyo nimekaa na hao wanawake wanaongea mimi natafsiri, na maumivu yao sio ya kuigiza, kuna mama alikua anashindwa kukaa kwenye kiti mpaka mwisho wa maongezi anasimama anaegemea ukuta. Lakini meshi yao iliwekwa ukeni, ya kushikilia kizazi au kibofu kilichoshuka. Plastiki ni ile ile ila pale imewekwa nyuma ya ngozi nyororo nyembamba, sehemu yenye unyevu na bakteria wake, na inasuguliwa kila siku, neti inatoboa inachungulia nje. England walisimamisha zile opresheni 2018, Marekani wakaamuru kampuni ziache kuuza za kushikilia kizazi 2019. Ya ngiri haikupigwa marufuku. Msimdharau dada, ana haki ya kuogopa, ila amlinganishe baba na mtu aliyefanyiwa kitu kile kile.

KondaMstaafu

Vijana shikamooni nyie wenyewe maana mnajua mengi. Mimi ninayo tumboni miaka sita sasa, kushoto. Sitaji hospitali. Nilichukia kitu kimoja, nilikuja kujua nina neti siku ya kutoa nyuzi za nje, nesi anamwambia mwenzake huyu ana meshi, nikauliza meshi gani wakatazamana. Hakuna aliyeniambia kabla. Kwahiyo kijana huyo dokta wako aliyechora karatasi mshukuru, mwenzako hata mchoro sikupata.

Mwaka wa kwanza nilikua nahisi kama nimeweka kadi ya simu mfukoni na mfuko hauna kitu. Nikiinama kufunga kiatu inanikumbusha. Ngozi ya chini ya kidonda ilikua na ganzi, ukiibinya unabinya ya jirani. Saa hizi hiyo ganzi imebaki kama sarafu ya mia mbili na ile kadi siisikii mpaka baridi ikaze. Ngiri haijarudi, na nimepakia magunia ya watu humo katikati nikiwa nimekatazwa, msiige.

NesiThieta

Shikamoo mzee, na pole kwa hilo la kutoambiwa, halikua sawa kabisa. Hiyo hali anayoisema ipo na ni haki ya mgonjwa kuijua mapema. Kama mtu mmoja kati ya kumi anabaki na maumivu ya muda mrefu baada ya opresheni ya ngiri, wengi ni ya kuvumilika, wachache yanasumbua kweli. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu ulionaswa na uzi au na kovu, na inatokea hata kwa wasiowekewa neti. Mwalo_Boy muulize dokta hili waziwazi, akikwepa muulize tena.

Mwalo_Boy

Shikamoo mzee Konda. Asanteni sana wote nimesoma mara mbili. Ila nina swali lingine, kwanini wasiweke ile ya kuyeyuka? Mke wangu alishonwa alipojifungua na uzi ukapotea wenyewe hatukurudi kutoa. Si watengeneze neti ya hivyo, ikimaliza kazi iondoke, mzee asiwe na sababu ya kugoma.

Salfeti_Engineer

Swali zuri na zipo hizo neti. Uzi wa mkeo uwezekano mkubwa ni Vicryl au ndugu yake. Hiyo nayo ni polima ila imetengenezwa na vipande vya asidi ya glaikoli na asidi ya laktiki, hii laktiki ndo ile ile inayochachusha maziwa mgando. Vinaunganishwa kuwa mnyororo mrefu, na viungo vyake vimefanywa makusudi viumwe na maji. Mwili una maji kila kona, kwahiyo unalainika wenyewe, wiki ya pili umebaki na nguvu robo tatu, wiki ya tatu nusu, ndani ya siku 56 mpaka 70 umekwisha, vipande vimerudi kuwa asidi na mwili unavichoma kama sukari unavitoa kwa pumzi na mkojo. Kabla ya hapo watu walishonwa kwa utumbo wa kondoo uliosokotwa, katigati, ambao mwili unaumeng'enya kama nyama na haijulikani utamaliza lini, leo wiki mbili kwa huyu kesho siku tano kwa yule. Faida ya polima ni hiyo, saa ya kuondoka unaipanga kiwandani. Ipo polidayoksanoni inaenda miezi sita hivi.

Ila kwa kinena cha mzee, tundu lake halifungi. Misuli imechoka, kwenye miaka 63 haitarudi kuwa ya kijana, na kovu peke yake bila fito linatanuka taratibu. Ukiweka ya kuyeyuka unakua umemkopesha ukuta. Wanaitumia sehemu nyingine, penye usaha au uchafu ambapo hutaki kuacha kitu cha kudumu.

Na kingine mwambie mzee neti ikishamezwa na kovu inanywea kidogo, maana kovu linavuta. Ndo maana itakatwa kubwa kuliko tundu, asione dokta anaharibu kitambaa.

Jinja2Busia

Hapo kwenye bei muulize dokta kama kipande kikubwa kimoja kinaweza kutosha watu wawili, inafanyika hospitali nyingi lakini lazima wakigawe wenyewe thieta kikiwa safi siku hiyo hiyo, sio mgawane famasi.

Mwalo_Boy

Wakuu mrejesho.

Juzi nilirudi hospitali nikamuuliza nesi wa pale kama anaweza kunipa hata kakipande nikamwonyeshe mzee. Akacheka, akanipa ukanda uliobaki wamekata kwa mgonjwa mwingine, haujaguswa na damu, upana wa vidole viwili. Nikauweka kwenye bahasha nikavuka nao.

Mzee aliuchukua hakusema kitu. Akatoka nje kwenye mwanga akauinua juu ya jua, akauvuta kwa urefu, akauvuta kwa upana, akanionyesha kwamba upande mmoja unatanuka kuliko mwingine, kitu ambacho mimi nilikua sijakiona. Akaung'ata na meno ya pembeni. Halafu akatoa sindano ya kushonea nyavu akaanza kuhesabu macho kwa ncha, sindano haiingii, akakasirika akamuita mama alete ya kushonea nguo. Mwisho akasema hii ni timba kweli, kazi ya mashine, hamna mtu anafuma hivi. Akasema serikali inachoma timba zetu huku nyie mnataka kuniwekea ya kwenu tumboni, lakini safari hii alikua anacheka.

Nikamweleza ya fito na udongo, hiyo aliipenda. Ya jua alikubali hata sijamaliza sentensi. Kilichobaki sasa ni fundo. Anasema timba fundo la kawaida linateleza, uzi mmoja mzima hauna kushikana, lazima ufunge mara mbili na ukaze kwa mate, na dokta hawezi kutia mate. Anataka kujua wanafunga fundo gani.

NesiThieta

Hahaha huyo mzee nampenda bure. Yuko sahihi, Prolene inateleza na ina tabia ya kutaka kurudi ilivyokua kwenye pakiti. Kwahiyo fundo moja linawekwa juu ya lingine mara tano sita, la kulia na la kushoto kwa zamu, na mkia wa uzi unaachwa kidogo haukatwi kwenye shina.

Mwalo_Boy

Nimemsomea. Kasema mara sita sawa, ila kulia na kushoto anataka amwone anayefunga. Opresheni ni Jumanne, sindano ya mgongoni kwahiyo atakua macho, nimemuomba asimsimamie dokta.

KondaMstaafu

Atamsimamia.